Ruzuku za mafunzo kwa wafanyakazi wanaopoteza ajira kutokana na biashara ya nje: ufafanuzi wa mpango wa Marekani

Kwa muda wa miaka sitini, kuanzia mwaka 1962 hadi mwaka 2022, Serikali ya Marekani ilikuwa na ahadi ya kisheria kwa mfanyakazi aliyepoteza ajira kwa sababu ya bidhaa zilizoingizwa kutoka nje, au kwa sababu kiwanda chake kilihamishiwa nchi nyingine. Ahadi hiyo ilikuwa kwamba Serikali ingegharamia mafunzo ya kazi mpya na kumpatia mfanyakazi huyo posho ya kujikimu wakati akisoma. Tangu tarehe 1 Julai, 2022, Wizara ya Kazi ya Marekani imesitisha kuchunguza maombi mapya na kutoa hati za uthibitisho chini ya mpango huo, kwa kuwa muda uliowekwa na sheria ulimalizika bila Bunge kuuongeza.

Kusitishwa huko hakukufunga milango yote. Zipo ruzuku nyingine za Serikali Kuu zinazoendelea kutolewa kwa wafanyakazi walioachishwa kazi, ingawa masharti na viwango vyake ni tofauti. Makala haya yanafafanua chimbuko la mpango, masharti yake, namna fedha zinavyomfikia mfanyakazi, sababu za kusitishwa kwake na njia zilizobaki. Suala hili linazihusu pia kaya nyingi za wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia Marekani kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Tanzania na Kenya, ambao wengi wao wanafanya kazi viwandani na katika maghala.

Chimbuko la mpango

Mpango huu unaitwa Msaada wa Kukabiliana na Athari za Biashara, na katika nyaraka za Serikali ya Marekani unajulikana kwa kifupi kama TAA. Wazo lake lilitolewa hadharani mwaka 1954 na David McDonald, aliyekuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma, alipokuwa mjumbe wa tume iliyoundwa kuchunguza sera ya uchumi wa nje. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: nchi nzima ikinufaika kwa kupunguza ushuru wa forodha, haifai hasara yote iangukie mabegani mwa wafanyakazi wachache ambao viwanda vyao vinashindwa kuhimili ushindani.

John F. Kennedy, ambaye wakati huo alikuwa Seneta, aliikubali hoja hiyo na kuwasilisha muswada bungeni. Muswada huo haukupita. Alipokuwa Rais, alitia saini Sheria ya Kupanua Biashara tarehe 11 Oktoba, 1962, na sheria hiyo ndiyo iliyoanzisha mpango.

Hata hivyo, masharti ya awali yalikuwa magumu mno. Mwombaji alitakiwa kuthibitisha kwamba kupunguzwa kwa ushuru ndiyo sababu kuu ya bidhaa za nje kuongezeka, na kwamba bidhaa hizo ndizo sababu kuu ya yeye kupoteza kazi. Matokeo yake, hakuna kundi hata moja la wafanyakazi lililokubaliwa hadi mwaka 1969. Sheria ilikuwepo kwenye vitabu, lakini kwa takribani miaka saba haikumfikia mtu yeyote.

Sheria ya Biashara ya mwaka 1974, iliyotiwa saini na Rais Gerald Ford mwanzoni mwa Januari 1975, ililegeza masharti hayo. Tangu hapo ilitosha kuonesha kwamba bidhaa za nje zilichangia kwa kiasi kikubwa upotevu wa ajira, bila kulazimika kuonesha kwamba ushuru ulipunguzwa. Tangu mwaka 1975, zaidi ya wafanyakazi milioni 5 wamethibitishwa kuwa wanastahili msaada.

Kutoka fidia hadi mafunzo

Katika miaka ya mwanzo, sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwenye posho. Hali hiyo ilidhihirika mwaka 1980, wakati viwanda vya magari vilipopunguza wafanyakazi kwa wingi na matumizi ya mpango kupanda hadi takribani dola bilioni 1.6 kwa mwaka mmoja. Mwaka 1981, Serikali ya Rais Ronald Reagan ilipunguza posho hadi kiwango sawa na mafao ya kawaida ya kukosa ajira, na kuelekeza mkazo kwenye mafunzo. Mwaka 1988, Bunge liliyafanya mafunzo kuwa sharti la kupokea posho, isipokuwa kwa mfanyakazi aliyepewa msamaha kwa sababu maalumu.

Mabadiliko yaliyofuata yalikwenda sambamba na mikataba ya biashara. Mkataba wa biashara huria kati ya Marekani, Kanada na Meksiko ulipoanza kutumika tarehe 1 Januari, 1994, uliambatana na mpango wake maalumu kwa wafanyakazi walioathirika. Mpango huo uliunganishwa na TAA mwaka 2002. Mwaka 2009, katika kipindi cha mdororo wa uchumi, wigo ulipanuliwa hadi kwa wafanyakazi wa sekta ya huduma, kwa mfano wale wa vituo vya kupokea simu za wateja ambao kazi zao zilihamishiwa ng'ambo. Sheria ya mwisho kuuhuisha mpango ilipitishwa mwaka 2015. Iliweka kikomo cha dola milioni 450 kwa mwaka kwa ajili ya mafunzo na huduma zinazohusiana nayo, na ilipangwa kutumika hadi tarehe 30 Juni, 2021.

Nani alistahili

Msingi wa mpango huu ni hati ya uthibitisho. Mfanyakazi hakuomba msaada moja kwa moja akiwa peke yake. Kwanza kundi zima la wafanyakazi wa kiwanda au kitengo fulani lilitakiwa kuthibitishwa na Wizara ya Kazi. Ombi liliweza kuwasilishwa na wafanyakazi watatu au zaidi, chama cha wafanyakazi, mwajiri mwenyewe, au ofisi ya ajira ya jimbo. Ombi lilitakiwa kufika ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya kuachishwa kazi.

Baada ya kupokea ombi, wachunguzi wa Wizara walikusanya takwimu za mauzo, uzalishaji na uagizaji kutoka kwa mwajiri na wateja wake. Sheria iliwapa muda wa siku 40 kufikia uamuzi. Kundi liliweza kuthibitishwa kwa mojawapo ya sababu zifuatazo:

- Bidhaa au huduma za aina ileile kutoka nje ziliongezeka, na ongezeko hilo likachangia kwa kiasi kikubwa kupungua kwa mauzo au uzalishaji wa kampuni.
- Kampuni ilihamishia uzalishaji au huduma zake nchi nyingine, au ilianza kununua kutoka nje kile ilichokuwa ikikizalisha yenyewe.
- Kampuni ilikuwa ikiiuzia vipuri au ikiikamilishia bidhaa kampuni nyingine ambayo wafanyakazi wake walikwisha kuthibitishwa.
- Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani ilikwisha kuamua kwamba kampuni hiyo iliumizwa na bidhaa za nje.

Hati ya uthibitisho iliwahusu wafanyakazi walioachishwa kazi kuanzia mwaka mmoja kabla ya tarehe ya ombi hadi miaka miwili baada ya hati kutolewa. Baada ya hapo, kila mfanyakazi alikwenda katika ofisi ya ajira ya jimbo lake ili ustahiki wake binafsi uthibitishwe.

Utaratibu huu ulileta tofauti ambayo mara nyingi ilikuwa vigumu kwa wananchi kuielewa. Wafanyakazi wawili waliweza kupoteza kazi wiki moja, katika mtaa mmoja, mmoja akapewa miaka miwili na nusu ya mafunzo na posho, na mwenzake akabaki na mafao ya kawaida ya wiki chache. Hawakutofautiana kwa uhitaji wala kwa bidii ya kazi. Walitofautiana kwa chanzo: wa kwanza alipoteza kazi kwa sababu ya biashara ya nje, wa pili kwa sababu ya mashine mpya au kupungua kwa wateja wa ndani.

Stahiki za aliyethibitishwa

Chini ya sheria ya mwaka 2015, mfanyakazi aliyethibitishwa aliweza kupata huduma zifuatazo:

*Mafunzo.* Serikali ililipa ada, vitabu na vifaa vya lazima kwa mafunzo ya hadi wiki 130. Mafunzo yaliweza kuwa ya chuoni, ya kazini chini ya mwajiri mpya, au ya uanagenzi. Yalijumuisha pia masomo ya msingi kwa wale ambao hawakumaliza sekondari, na masomo ya lugha ya Kiingereza kwa wahamiaji. Ili mafunzo yaidhinishwe, ofisi ya jimbo ilitakiwa kujiridhisha kwamba hakuna kazi inayomfaa mwombaji kwa wakati huo, kwamba atanufaika na mafunzo, kwamba ana uwezo wa kuyamaliza, kwamba yanapatikana kwa gharama ya kuridhisha, na kwamba kuna matumaini ya kweli ya ajira baada ya kuhitimu.

*Posho ya kujikimu.* Baada ya mafao ya kawaida ya kukosa ajira kumalizika, mfanyakazi aliye mafunzoni aliendelea kupokea posho ya wiki yenye kiwango sawa na mafao hayo. Mafao na posho kwa pamoja viliweza kufikia wiki 130. Sharti kubwa lilikuwa muda: mfanyakazi alitakiwa awe amejiandikisha katika mafunzo ndani ya wiki 26 tangu hati kutolewa au tangu kuachishwa kazi, kwa kuhesabu tarehe iliyokuja baadaye. Aliyechelewa bila msamaha aliweza kupoteza posho, hata kama ada yake ya mafunzo ilikubaliwa.

*Gharama za kutafuta kazi na kuhama.* Mfanyakazi aliyelazimika kutafuta kazi nje ya eneo lake alirejeshewa asilimia 90 ya gharama, hadi dola 1,250. Aliyepata kazi mbali alilipiwa asilimia 90 ya gharama za kuhamisha familia na mizigo, pamoja na kiasi cha ziada kisichozidi dola 1,250.

*Fidia ya tofauti ya mshahara.* Mfanyakazi mwenye umri wa miaka 50 au zaidi, aliyepata kazi mpya yenye mshahara mdogo kuliko wa awali na usiozidi dola 50,000 kwa mwaka, alilipwa nusu ya tofauti hiyo kwa muda wa hadi miaka miwili. Jumla ya malipo haikuzidi dola 10,000.

Namna fedha zinavyopita

Jambo ambalo wananchi wengi hulichanganya ni maana ya neno ruzuku. Ruzuku za Serikali Kuu haziwekwi mkononi mwa mfanyakazi. Wizara ya Kazi huingia makubaliano na kila jimbo, kisha hupeleka fedha katika mamlaka ya ajira ya jimbo hilo. Chini ya sheria ya mwaka 2015, sehemu ya fedha za mafunzo iligawanywa kwa majimbo mwanzoni mwa mwaka kwa kuzingatia idadi ya wafanyakazi walioathirika, na asilimia 35 ilihifadhiwa ili kuyasaidia majimbo yatakayokumbwa na wimbi la kufungwa kwa viwanda katikati ya mwaka. Jimbo ndilo linalolipa chuo, na jimbo ndilo linalomlipa mfanyakazi posho yake.

Kwa hiyo, mtu yeyote anayejitokeza kwa simu au ujumbe akidai kwamba anaweza kumpatia mfanyakazi ruzuku ya mafunzo baada ya kulipa kiasi fulani cha fedha, anapaswa kutiliwa shaka. Huduma za ofisi za ajira za umma hutolewa bila malipo.

Mfano wa Kannapolis

Uzito wa suala hili unaonekana vizuri katika mji wa Kannapolis, jimbo la North Carolina. Mji huo ulijengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kuzunguka viwanda vya familia ya Cannon vilivyotengeneza taulo na mashuka. Vizazi kadhaa viliajiriwa humo. Kijana aliacha shule akijua kwamba nafasi yake kiwandani ipo, kama ilivyokuwapo kwa baba na mama yake.

Tarehe 30 Julai, 2003, kampuni ya Pillowtex, iliyokuwa mmiliki wa viwanda hivyo wakati huo, ilifunga shughuli zake. Takribani watu 4,800 walipoteza kazi katika jimbo la North Carolina pekee, na tukio hilo lilihesabiwa kuwa upunguzaji mkubwa zaidi wa wafanyakazi katika historia ya jimbo hilo. Wafanyakazi walithibitishwa chini ya mpango wa TAA, na Serikali Kuu ikatoa pia ruzuku maalumu ya dharura kwa ajili ya huduma za ajira na mafunzo.

Changamoto ya kwanza haikuwa fedha. Wengi wa wafanyakazi hao hawakuwa wamemaliza sekondari, na baadhi yao walikuwa wamefanya kazi ileile kwa zaidi ya miaka ishirini. Kabla ya kusomea uuguzi, ufundi wa viyoyozi au kompyuta, walihitaji kwanza kupata cheti cha sekondari. Chuo cha jamii cha Rowan-Cabarrus kililazimika kuongeza madarasa kwa haraka ili kuwapokea. Hapa ndipo urefu wa muda wa mafunzo unapoonekana kuwa na maana: mtu anayeanza na masomo ya msingi hawezi kuhitimu stadi mpya kwa miezi mitatu, na bila posho ya kujikimu hawezi kukaa darasani huku kodi ya nyumba ikimsubiri.

Ruzuku kwa vyuo vya jamii

Uzoefu wa aina hiyo ulionesha kwamba kumlipia mfanyakazi ada hakutoshi iwapo chuo cha karibu hakina kozi inayomfaa. Kati ya mwaka 2011 na 2014, Serikali Kuu ilitoa ruzuku 256, zenye thamani ya jumla ya takribani dola bilioni 1.9, kwa vyuo vya jamii na taasisi nyingine za elimu katika majimbo yote 50. Vyuo vilizitumia kununua mashine za kufundishia, kuandaa mitaala ya muda mfupi kwa ushirikiano na waajiri, na kuajiri washauri wa wanafunzi watu wazima. Utekelezaji wa ruzuku hizo ulikamilika mwaka 2018. Wizara ya Kazi ilisimamia fedha hizo kwa kushirikiana na Wizara ya Elimu.

Kilichotokea mwaka 2021 na 2022

Sheria ya mwaka 2015 ilipofikia kikomo, mpango haukusimama mara moja. Kuanzia tarehe 1 Julai, 2021, ulirudi katika masharti finyu ya awali, na wafanyakazi wa sekta ya huduma wakaondolewa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 1 Julai, 2022, mamlaka ya Wizara ya kuchunguza maombi mapya na kutoa hati yalikoma.

Wafanyakazi waliokwisha kuthibitishwa, ambao waliachishwa kazi au walikuwa katika tishio la kuachishwa kabla ya tarehe hiyo, waliendelea kuhudumiwa kwa mujibu wa hati zao. Waliopoteza kazi baada ya hapo hawana mahali pa kupata hati, hata kama chanzo cha kufungwa kwa kiwanda chao ni kilekile ambacho sheria ya mwaka 1962 ilikusudia kukifidia. Miswada ya kuuhuisha mpango imewasilishwa bungeni, lakini imekwama katika mjadala mpana zaidi: baadhi ya wabunge wanataka msaada huo uende pamoja na sheria za kumpa Rais mamlaka ya kujadili mikataba mipya ya biashara, na wengine wanataka usimame peke yake.

Milango iliyobaki wazi

Mfanyakazi anayeachishwa kazi leo, iwe kwa sababu ya biashara ya nje au sababu nyingine, anaweza kutumia huduma zilizo chini ya Sheria ya Ubunifu na Fursa za Nguvukazi ya mwaka 2014, inayojulikana kwa kifupi kama WIOA. Huduma hizo ni za aina tatu kuu.

Ya kwanza ni huduma ya haraka inayotolewa mahali pa kazi. Sheria ya mwaka 1988 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 100 au zaidi kutoa taarifa ya siku 60 kabla ya kufunga kiwanda au kupunguza wafanyakazi kwa wingi. Jimbo likipokea taarifa hiyo, hutuma maofisa kukutana na wafanyakazi kabla hawajaondoka, ili kuwaeleza kuhusu mafao, mafunzo na nafasi za kazi.

Ya pili ni mpango wa kudumu wa wafanyakazi walioachishwa kazi. Kupitia Vituo vya Ajira vya Marekani, ambavyo vipo katika kila jimbo, mfanyakazi hupata ushauri na, akikidhi vigezo, akaunti ya mafunzo inayomwezesha kulipia kozi kutoka katika orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa. Huduma hizi ziko wazi kwa raia, wakazi wa kudumu, wakimbizi, waliopewa hifadhi na wahamiaji wengine wenye kibali cha kufanya kazi.

Ya tatu ni Ruzuku za Kitaifa za Wafanyakazi Walioachishwa Kazi. Hizi hutolewa na Wizara ya Kazi kwa jimbo au bodi ya ajira ya eneo pale inapotokea hali inayozidi uwezo wa bajeti ya kawaida, kwa mfano mwajiri mmoja anapoachisha kazi watu 50 au zaidi. Ruzuku hizi ndizo warithi wa zile za dharura zilizotumika Kannapolis.

Tofauti kati ya njia hizi na mpango wa zamani ni kubwa. Chini ya WIOA, bodi za maeneo huweka kikomo cha fedha za mafunzo kwa kila mtu, na fedha zikiisha mwombaji anaweza kusubiri. Aidha, hakuna posho ya wiki iliyo haki ya mwanafunzi kwa kipindi chote cha masomo. Mafao ya kukosa ajira hulipwa kwa hadi wiki 26 katika majimbo mengi, na pungufu ya hapo katika mengine. Kwa sababu hiyo, wengi hulazimika kuchagua kozi fupi, au kukubali kazi ya kwanza inayopatikana.

Je, mafunzo yalisaidia?

Tathmini za kitaalamu zimetoa majibu yanayotofautiana kulingana na urefu wa muda uliochunguzwa. Tathmini kubwa iliyofanywa kwa niaba ya Wizara ya Kazi na kutolewa mwaka 2012 iliwafuatilia washiriki kwa miaka minne. Ilibaini kwamba katika miaka ya mwanzo kipato chao kilikuwa chini sana kuliko cha wenzao wasio washiriki, kwa kuwa walikuwa darasani. Pengo lilipungua kadiri muda ulivyopita, lakini halikuwa limezibika kufikia mwaka wa nne.

Utafiti wa baadaye wa mchumi Benjamin Hyman ulichunguza kipindi cha miaka kumi, kwa kuwalinganisha wafanyakazi ambao maombi yao yaliangukia kwa wachunguzi wepesi wa kukubali na wale walioangukia kwa wachunguzi wagumu. Ulionesha kwamba walionufaika na mpango walipata jumla ya takribani dola 50,000 zaidi katika miaka hiyo kumi, ingawa faida ya kila mwaka ilififia kuelekea mwisho wa kipindi. Utafiti mwingine kuhusu fidia ya tofauti ya mshahara ulibaini kwamba fidia hiyo iliwasaidia wafanyakazi wenye umri mkubwa kurudi kazini mapema zaidi.

Upande wa udhaifu, wachumi waliochunguza ongezeko la bidhaa kutoka China baada ya mwaka 2000 wameonesha kwamba katika maeneo yaliyoathirika zaidi, fedha za TAA zilikuwa ndogo sana zikilinganishwa na zile zilizolipwa kupitia mafao ya ulemavu na msaada wa matibabu. Wafanyakazi wengi waliostahili hawakuwahi kuomba, ama kwa kutojua kwamba mpango upo, ama kwa kupitwa na tarehe.

Ulinganisho na Umoja wa Ulaya

Umoja wa Ulaya una mfuko unaofanana na mpango huu, ulioanza kutumika mwaka 2007. Awali ulisaidia pale wafanyakazi 1,000 au zaidi walipopoteza ajira. Kiwango hicho kilishushwa hadi 500, na kwa kipindi cha mwaka 2021 hadi 2027 ni wafanyakazi 200. Tofauti iliyo muhimu ni kwamba katika kipindi hiki sababu ya kupoteza ajira si kigezo tena: mabadiliko ya teknolojia au ya nishati yanahesabiwa sawa na ushindani wa kibiashara. Mfuko huo hulipa kati ya asilimia 60 na 85 ya gharama, na nchi mwanachama hulipa sehemu iliyobaki.

Mambo ya kuzingatia kwa mfanyakazi

Kwa mfanyakazi aliyepokea taarifa ya kuachishwa kazi nchini Marekani, hatua zifuatazo ni za msingi:

1. Atunze barua ya kuachishwa kazi, hati za malipo ya mshahara na tarehe kamili ya siku ya mwisho ya kazi. Stahiki nyingi huhesabiwa kuanzia tarehe hiyo.
2. Aombe mafao ya kukosa ajira katika jimbo lake mara moja, bila kusubiri akiba yake iishe.
3. Ahudhurie mkutano wa maofisa wa jimbo pale unapoitishwa kiwandani. Asiyeelewa Kiingereza vizuri aombe msaada wa mkalimani mapema.
4. Aulize katika Kituo cha Ajira kama kiwanda chake kina hati ya uthibitisho ya zamani, na kama eneo lake limepokea Ruzuku ya Kitaifa.
5. Asijiandikishe katika kozi kwa fedha zake kwa matumaini ya kurejeshewa. Mafunzo yanatakiwa kuidhinishwa kabla ya kuanza.
6. Aulize kozi anayoichagua inaishia katika cheti gani, na ni waajiri gani wa eneo hilo wanaokitambua.

Historia ya mpango huu inaonesha kwamba haki iliyoandikwa katika sheria inaweza kumpita mlengwa kwa sababu ya sharti gumu, kama ilivyokuwa kati ya mwaka 1962 na 1969, au kwa sababu ya tarehe ya ukomo, kama ilivyo tangu mwaka 2022. Hadi Bunge la Marekani litakapofanya uamuzi mwingine, mahali pa kuanzia kwa mfanyakazi aliyepoteza ajira ni ofisi ya ajira ya jimbo lake, na anapaswa kufika hapo katika wiki ya kwanza.